Nafasi ya Mdogo Wangu Dukani

Mdogo wangu wa kike alikuwa bado mwanafunzi wa sekondari alipoanza kuuza katika duka la mama mmoja wa Butembo, hapa kwetu Pinga. Alikuwa anaenda mchana akitoka shule, na Jumamosi siku nzima. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Goma na diplome yangu ya chuo, sina kazi, ninashinda uani nikiwaza. Siku hizo niliwaza juu ya kila kitu, na kila kitu kilinitisha.

Jioni moja, tukiwa tunakula, nilimwambia Papa kwamba lile duka litamharibia mtoto masomo. Kichwa kinachofikiria sabuni na sukari kitashika hesabu saa ngapi, na mtihani wa taifa unakaribia? Nilisema vizuri. Nyumbani kwetu, aliyemaliza chuo akisema, wengine hunyamaza. Mdogo wangu akakusanya sahani. Papa akanituma niende mwenyewe kumwondoa.

Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho. Bidhaa zake zinakuja kwa pikipiki, na mara nyingi anazifuata mwenyewe, hivyo duka humwachia mtu wa familia anayoijua.

"Mimi nilipatana na nyumba yenu," akaniambia. "Muntu akitoka, mwingine wa kwenu anaingia. Ni wewe utaingia?"

Ningeweza kukataa. Nimejiuliza mara nyingi kama moyoni sikuwa nikiitamani ile nafasi tangu mwanzo, na mpaka leo sipati jibu la kunituliza. Nilisema nitasaidia kidogo, mpaka Papa aamue. Mdogo wangu akanionyesha mafuta na chumvi vilipo, akachukua mfuko wake wa shule, akaenda. Papa hakuamua lolote, nami sikumkumbusha.

Wateja walimuulizia. Kijana mmoja wa pikipiki aliyetoka Mpofi alitaka kujua dada yuko wapi. Nikamwambia anasoma.

"Na wewe, kaka, ulimaliza kusoma?"

Nikasema ndiyo.

"Basi umwambie asiharakishe," akasema, na wote waliokuwa mlangoni wakacheka.

Lakini hakuwa anasoma. Mama yetu alipomwona msichana yuko nyumbani mchana, alimpeleka shambani kupalilia mihogo, kisha mtoni kuchota maji, kisha jikoni. Giza likiingia alikuwa amelala. Nilimuuliza, kwa sauti ya mkubwa, kwa nini hafungui vitabu.

"Kaka, unazani nilikuwa nasomea wapi?" akajibu. "Kule kulikuwa taa na meza. Wateja bakiisha, nasoma."

Taa ile ya sola ilikuwa juu ya kichwa changu kila jioni. Niliendelea kupima sukari chini yake siku kadhaa zaidi, nikipanga maneno. Niliogopa Papa ataniona mtu asiye na msimamo. Niliogopa pia, na hili lilinitia aibu kuliko yote, kurudi kukaa uani. Sijui kama kazi inawafaa vijana wote. Ninajua kwamba nilikata shauri juu ya saa zake bila kumuuliza anazitumiaje, na kwamba nilizichukua mimi.

Mwishowe nilisema, tukiwa tunakula tena. Nilisema nilikosea, arudi dukani, mimi nitatoka. Papa akauliza:

"Na wewe utafanya nini?"

Mdogo wangu akanijibia bila kuinua macho:

"Jembe iko nyuma ya mulango."

Mama alicheka mpaka akaweka sahani chini. Papa hakucheka. Alisema tu kwamba mihogo inangoja.

Jumatatu alasiri nilitoka shambani na matope mpaka magotini. Njia ni moja, inapita mbele ya duka. Mdogo wangu alikuwa anampimia mtu chumvi, kitabu kikiwa wazi kando ya mizani. Aliniona. Hakuniita, nami nikatembea haraka kidogo.