Stendi ya ngoma ya baba: nilivyopigania mguu wa nne

Habari zenu wakuu. Hii imenikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Anayetaka kucheka acheke mapema, huko mwisho hakuna pa kuchekea.

Baba yangu ndiye aliyekuwa mpiga ngoma wa kwaya yetu hapa Bwera, mpakani na Congo. Ngoma yenyewe ni gogo zima, limechongwa upande wa Congo, kulibeba ni wanaume wawili.

Miaka yote aliibana kwa mapaja, ameiinamisha kidogo ili sauti itoke chini.

Mwaka juzi akapata stroke. Mkono wa kushoto ukalegea, kuinama akashindwa. Na ngoma ile ukiikalisha sakafuni, sauti inakufa. Bila stendi, mzee ndiyo basi tena.

"Pasaka nitapiga," akaniambia. "Weye tafuta tu kitu ya kuishikilia."

Nikaenda Kasese kwa fundi wa welding. Alikuwa na stendi ya miguu mitatu. Nikaona huyu ananiibia. Mzigo mzito vile, miguu mitatu?

"Ongeza mmoja, bei ile ile."

"Boss, unataka nife na njaa?"

"Utakufa umeshiba. Ongeza."

Akaokota kipande cha chuma pembeni, akakichomelea. Nikahesabu miguu mara mbili. Minne. Tukaitikisa pale kwenye saruji yake, ikatulia tuli. Niliondoka najiona mjanja wa wilaya nzima.

(Njiani, pale Muhokya, mama muuza nyanya akaniuliza kama nimenunua kitanda cha mbuzi.)

Sasa wakuu, sakafu ya kanisa letu ni ya mawe, haiko sawa. Miguu mitatu hukaa popote. Ikiwa minne, mmoja utaning'inia tu. Wa kwetu ukaning'inia.

Nikakunja kipande cha gunia, nikakisokomeza chini yake, nikasukuma kwa mkono. Safi.

Asubuhi ya Pasaka baba alipiga kama hajawahi kuumwa. Mama alikuwa analia kwa furaha.

Wimbo wa pili, gunia likachomoka. Ngoma ikayumba, ikamlalia. Akajaribu kuizuia kwa mkono ule ule uliolegea. Wakaenda chini wote wawili.

Wimbo ukakatika. Kutoka nyuma sauti ikasema, "Leo ngoma ndiyo imepiga muzee!"

Watu wakacheka. Si wengi, lakini walitosha.

Hakuvunjika. Ngoma nayo haikupasuka. Jioni nikamwambia nitarekebisha.

"Wacha, mutoto yangu. Hii ngoma imechoka na mimi."

Stendi nimeitengeneza upya: miguu mitatu, imetanuka kupita upana wa ngoma, raba ya tairi chini, mfuko wa mchanga unaning'inia katikati. Nimeipiga ngoma juu yake kwa nguvu zangu zote, haisogei.

Somo: stendi ijaribiwe kwa kupigwa, tena kwenye sakafu itakayokaa. Kuitikisa kwa fundi ni kujidanganya.

Baba sasa anakaa benchi ya mwisho. Mwingine anapiga. Mikono ya mzee iko mapajani, hata kidole hakifuati.

Kama kuna aliyewahi kumrudisha mzazi wake kwenye kitu alichokiacha kwa aibu, aniambie alianzia wapi.