Fundi Aliyenitoa Kwenye Matope ya Mweru

Cheka ukitaka, lakini mke wangu yupo, nenda ukamuulize. Haya yalinipata mimi mwenyewe, saa tisa ya mchana, sijalala wala sijalewa. Mimi ni mtu wa kanisa, na siku hiyo hata munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, sikuwa nimegusa. Watu hudhani mambo kama haya husubiri giza. Nani aliwadanganya?

Nilikimbilia huku kutoka Kongo, ng'ambo ya ziwa Mweru, na hapa Nchelenge naendesha pikapu ya kubeba samaki. Msimu huo wa mvua nilikuwa na mke wangu, Mwadi, kwenye kambi ya wavuvi upande wa Kafutuma. Uchungu ukamshika kabla ya wakati, na damu ikaanza kutoka. Mimba mbili zilikuwa zimeshaharibika; hii ya tatu ndiyo pekee iliyofika mbali. Dada yake alikuwa amevuka ziwa kwenda Kilwa, ile ya kwetu Kongo, asubuhi ile, kwa hiyo hatukuwa na mwanamke wa kutusindikiza. Nilimlaza nyuma ya gari, juu ya godoro, chini ya turubai, nikakanyaga mafuta kuelekea hospitali.

Kwenye bonde la matete, kabla hatujaishika barabara kubwa, gari likazama.

Nikavuta kile kijiti kidogo cha gia niweke fowili, magurudumu yote manne yavute. Ya nyuma yakazunguka na kurusha matope. Ya mbele yakakaa tu, kana kwamba hayahusiki. Nikashuka, nikageuza habu, vile vitasa vya katikati ya magurudumu ya mbele, kulia na kushoto, mpaka kwenye alama ya kufunga. Nikajaribu tena. Wapi! Nikakata matete, nikayasukumia chini ya matairi, nikajaribu tena, gari likakalia tumbo. Mwadi alikuwa analia akiniita. Halafu akaacha kulia, na huko kunyamaza kwake ndiko kulikonimaliza. Nilipiga teke bampa. Nililia, sioni haya kusema. Wewe ungefanya nini?

Ndipo mtu akatoka kwenye matete. Alivaa ovaroli ya bluu, mikono imejaa grisi. Hakunisalimu, aliniuliza tu kwa Kiswahili cha kwetu Kongo, ambako tata ni baba:

"Tata, weye njo shofere? Hii gari inaingiaka mu ziwa?"

Nikasema ndiyo. Sisi tunaopakia samaki wote tunafanya hivyo. Tunaingiza gari ziwani mpaka maji yafike kwenye ekseli, ili masanduku yatoke kwenye mtumbwi na kupanda garini bila kubebwa kichwani, na tukimaliza tunaliosha mle mle.

"Basi mu ndani inakufa. Kule inje inageuka, weye unawaza imefunga. Ya kushoto inafunga, ya kuume apana. Moja ikikatala, yote mbili haivute."

Akaomba spana na dizeli. Akafungua bolti sita za habu ya kulia, akang'oa kifuniko. Ndani mlikuwa na mchanga, kutu na grisi iliyoganda, na ile pete inayotakiwa kuteleza ishike ekseli ilikuwa imekwama kabisa. Akaiosha kwa dizeli, akaigonga polepole mpaka ikateleza. Mimi nilipiga magoti kando yake, nikazama mpaka mapajani. Yeye alipiga magoti palepale, na matope hayakubonyea hata kidogo. Niamini, niliona kwa macho yangu, na niliamua kutoona. Mke wangu alikuwa anakufa, ningeanza kumhoji mtu maswali?

Alipokaza bolti ya mwisho, akanitazama usoni.

"Bibi yangu naye iko pale. Anaumwa ya kuzala tangu jana." Akanyoosha kidole. Mwanamke aliketi ukingoni mwa matete, kitenge cha kijani, ametugeuzia mgongo. "Gari ikitoka, utatubeba na shiye?"

"Nitawabeba, tata. Kwa jina la Mungu."

Nilisema hivyo. Tena kwa jina la Mungu.

Nikaingia, nikavuta kijiti, nikaachia klachi taratibu. Magurudumu ya mbele yakashika, gari likatetemeka, likatoka! Sasa, kila dereva anajua kwamba gari likishapata mwendo kwenye matope husimami. Nikajiambia nitawasubiri kwenye changarawe. Nilipofika kwenye changarawe nikajiambia Mwadi hana muda. Kwenye kioo cha pembeni nilimwona yule fundi anakimbia, mkono juu. Sikusimama.

Hapo kioo cha nyuma ya kichwa changu kikaanza kugongwa. Nikajua ni Mwadi na maumivu yake. Nikapaza sauti, "Vumilia mama, tunafika!" Kiligongwa njia nzima.

Mtoto alizaliwa dakika chache baada ya kufika, msichana, analia kwa nguvu. Waliponiruhusu kuingia, Mwadi hakunionyesha mtoto kwanza.

"Ule mama walimupeleka wapi?"

"Mama gani?"

"Wa kitenge ya majani. Alinishika mukono njia yote. Alikuwa anapiga ile kioo, anasema, 'Mumungoje bwana yangu, anabakia.' Weye haukusikia?"

Mwadi anasema yule mama alishuka wa kwanza, akaingia mlangoni kwa miguu yake, ameshika tumbo. Wauguzi hawakumwona mtu.

Baadaye wanawake wanaouza samaki Kafutuma waliniambia kwamba zamani, kabla hatujahamia huku, dereva mmoja wa kwetu alikwama bonde lile, fowili imegoma, mkewe ana uchungu. Mama alikufa ndani ya gari. Bwana alikataa kuondoka, naye wakamkuta amekufa.

Binti yetu sasa anatembea. Mwadi hapandi tena gari langu. Mimi bonde lile silipiti. Samaki wa kambi ile nawaleta kwa mtumbwi, hata kama wanaharibika. Madereva wenzangu wanasema mvua ikinyesha, mtu wa ovaroli hutoka kwenye matete na kuuliza swali moja tu: "Bibi yangu alifika?" Wanapandisha vioo na kukimbia.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, fungua habu zako uzioshe kabla ya mvua, usiridhike na kinachogeuka nje. Na usiahidi nafasi garini kwa mdomo ambao mguu wako hautautii. Lakini ukimkuta yule tata, nakusihi, usikimbie. Mwambie alifika. Kisha mfungulie mlango, umpeleke hospitali kwa mkewe. Mimi ndiye niliyepaswa kumjibu, na mara nne nimekwenda, na mara nne nimegeuza gari nilipoyaona matete.