Nilimwambia Mwalimu wa Filamu Sina Kitu

Jamani, kosa ni langu peke yangu. Msitafute mchawi, hayupo. Nafasi yangu ya chuo cha filamu niliiua kwa mdomo wangu mwenyewe, tena nikiwa nimeoga na kuvaa vizuri!

Mimi ni binti wa Mwakitolyo, kijiji cha wachimba dhahabu. Baba yangu ana duara, yaani shimo la dhahabu. Huku kwetu mtoto anafundishwa mapema: mtu akikuuliza duara la baba yako limetoa nini, unajibu, "Hamna kitu, mawe tu." Hata kama jana mmekula pilau! Ukijisifu, kesho wavamizi wamejaa na sururu zao pembeni ya shimo lenu.

Basi nikatuma maombi chuoni pamoja na filamu fupi niliyoipiga kwa simu. Ilimwonyesha mama yangu akigombana na karasha, ile mashine ya kusaga mawe, siku ilipogoma kuwaka. Halafu nikaanza kusubiri. Mama yangu wee! Simu ikilia natetemeka, isipolia natetemeka zaidi. Niliunguza maharage mpaka nyumbani wakanifukuza jikoni.

Ili nitulie, nikaamua kuficha jambo lile kama duara. Jirani akiuliza, "Eti umeomba chuo cha filamu?" namjibu, "Nani, mimi? Aka!" Ikanisaidia kweli. Nikalizoea jibu mpaka likawa linatoka lenyewe.

Chuo kikaniarifu kwamba kitanipigia simu ya usaili. Akapiga mwalimu mmoja, mama mwenye sauti ya upole.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba binti. Filamu yako imetuchekesha sana. Una hadithi gani nyingine huko?"

Kichwani zilikuwepo tele! Mdomo ukasema, "Hamna kitu mwalimu. Mawe tu."

"Mawe?"

"Mawe tu."

"Na hii filamu uliitengenezaje?"

"Hata sijui. Ilitokea tu."

Akakohoa. "Kwani kusoma filamu unataka kweli?"

"Nani, mimi? Aka!"

Nikasikia mtu akicheka nyuma yake. Yeye hakucheka.

Baadaye ukaja ujumbe: nimekosa. Nililia mpaka macho yakavimba. Nikaenda kumweleza baba, nikidhani angalau atanisifu kwa kutunza siri.

"We! Una akili wewe?" akafoka. "Anayefichwa ni mvamizi! Huyo alikuwa mnunuzi. Mnunuzi unamwonyesha jiwe, na tochi unammulikia!"

Akanisimamia nimpigie mwalimu palepale. Nikaongea, jamani! Nikamsimulia habari za wachimbaji wanaogombea jogoo, na za shangazi na mkopo wake wa vitenge, zote bila kumeza mate. Mwalimu akasema, "Kumbe unaongea! Nafasi yako tumempa mwenzako jana, binti. Omba tena mwakani."

Jana! Huyo mwenzangu simjui, lakini namwombea afaulu. Hapana, nadanganya. Naomba aahirishe.

Nyie mnaosubiri majibu ya chuo, nawasihi. Tetemekeni mtakavyo, wadanganyeni majirani mkipenda. Lakini anayekupigia akitaka kukuchukua, mwambie yote uliyo nayo, tena mwambie siku hiyohiyo.