Kula ni Lazima

Leo nimefungua mfuko wa komwe, zile mbegu ngumu za kuchezea bao, na harufu ya udi na vumbi ikanipanda puani.

Siku ile ya utotoni mwangu, mama alikuwa chumba cha juu na mkunga tangu alfajiri. Bibi akanikalisha ukumbini, akaweka bao kati yetu, akaniambia, "Ndoo tucheze." Nikaweka nadhiri moyoni: nikishinda, mama atapona.

Nilianza vibaya. Bibi hakuwa mtu wa kumhurumia mtoto mchezoni. Kabla sijajipanga alishaila nyumba yangu, lile shimo lenye komwe nyingi ambalo ndilo hazina ya mchezaji. Nikabaki kutapatapa na vikomwe vichache, jasho likinitoka, mama akilia juu. Kila bibi alipokula, nilihisi ni mama anayepungua.

Mara kilio kikakatika. Nikatega sikio nisikie mtoto. Mkunga akashuka ngazi, akasimama mlangoni, akamtikisia bibi kichwa. Bibi akamtazama, kisha akainamia bao. Zamu ilikuwa yake, na komwe zangu za mwisho zilikuwa wazi mbele yake. Akaziacha, akacheza kwengine.

"Bibi, hapo unakula," nikamwambia. "Si wewe unayenifundisha kwamba kula ni lazima?"

"Najua, mwanangu." Mkono wake ulibaki juu ya bao, hauondoki. "Cheza wewe."

Nikacheza. Nikala, nikala tena, mpaka nikashinda.