Kambale Gani?

Siku ya kwanza ya kazi niliacha jina langu mlangoni. Nilikuwa nimetoka kwetu Alimbongo juu ya lori la viazi, nikashuka Beni, nikapanda pick-up hadi Mutwanga, chini kabisa ya milima ya Ruwenzori. Conservateur, yaani mkubwa wa hifadhi, alikuwa anaandika. Hakuinua hata macho.

"Jina?"

"Kambale."

"Kambale gani? Niko na ba Kambale sita tayari!"

Kwetu Wanande hilo si ajabu. Jina hufuata zamu ya kuzaliwa, na mtoto wa kiume wa pili ni Kambale, apende asipende. Ukiita Kambale sokoni Butembo, nusu ya wanunuzi watageuka. Conservateur aliniandika Kambale wa saba, akanikabidhi kwa mkubwa wa waongozaji, mzee mrefu mwenye mabega yaliyoinama kwa mizigo ya ujana wake. Huyo alinitazama miguu kwanza, kisha uso. Akanitwika mgongoni sufuria kubwa ya kupikia wageni.

"Huku bureau uko Kambale," akaniambia, akionyesha mlango wa ofisi. "Kule mu korongo uko Sufuria. Hapana ita mutu jina ya nyumba kule. Unasikia?"

"Juu ya nini, chef?"

"Juu maji iko na makelele na ba Kambale biko bingi. Utaita moja, bataitika watatu." Akatazama juu kwenye mawingu. "Na tena mulima ikijua jina yako, itakuita siku ingine."

Nilicheka. Ni rahisi kucheka ukiwa bado chini. Lakini ndivyo ilivyokuwa: kila mbebaji alipewa jina la mzigo wake. Aliyebeba hema aliitwa Hema. Mkubwa wetu mwenyewe alikuwa Kamba, kwa sababu kamba hakumpa mtu mwingine.

Ninyi vijana mnaoniuliza kwa simu kazi ile ilikuwaje, mnadhani ilikuwa kupanda. Hapana. Kilele ni cha wageni. Sisi kazi yetu ilikuwa makorongo. Njia inafuata mto Butahu, na mto umechimba mlima mpaka kuta mbili zimebaki zinatazamana, na katikati unapita wewe na sufuria yako. Mvua haidondoki mle, inaning'inia tu. Miti ina ndevu ndefu za kijani, na ukiishika unashika sifongo. Kuna mahali unatembea saa nzima bila kukanyaga udongo, unakanyaga mizizi juu ya mizizi, na chini yake unasikia maji ambayo huyaoni. Mara nyingi nilisahau kama ninaenda au ninarudi. Ukungu ulikuwa unaingia kati yangu na mtu wa mbele, namwona kisogo, kisha namwona kofia, kisha simwoni, halafu anatokea tena akiwa karibu kuliko nilivyofikiri. Nilikuwa na furaha mle ndani. Naisema hivyo hivyo bila aibu, kwa sababu kwingine kote nilikuwa mtu wa wasiwasi.

Kamba alinifundisha kusoma maji. Yakiwa meupe kwenye mawe, vuka. Yakianza kuwa na rangi ya chai, na majani mabichi yanaelea, ujue huko juu kumenyesha. Panda ukutani upesi, usiulize. Alinifundisha kuweka wayo wote juu ya jiwe, si vidole. Na alinifundisha kuvusha watu pale daraja la magogo linapochukuliwa. Zinatumika kamba mbili. Ya kwanza ni ya mizigo, inavutwa kutoka ng'ambo. Ya pili tuliiita kamba ya maisha: imefungwa kiunoni mwa anayevuka, na mwenzake anaishika ukingoni, anailegeza kidogo kidogo, haiachilii mpaka mtu akanyage ng'ambo.

Hema ndiye aliyekuwa mshikaji wa kamba hiyo. Naye alikuwa Kambale, kijana wa Butembo, mtu wa maneno machache na mikono mipana. Tulilala gîte moja, ile nyumba ya mbao ya wasafiri, tukala ugali mmoja kwa miaka. Akishika kamba, unavuka huku ukiimba.

Nilipopandishwa kuwa mwongozaji msaidizi, nilikuwa nimekwisha kuoa. Na msimu huo akaja kutafuta kazi baba mdogo wa mke wangu, mzee mwenye heshima zake, mtu wa kanisa. Akapewa kubeba makala, yaani makaa, ya kupikia. Jina lake la korongoni lingekuwa Makala.

Jamani, mkwe wangu, nimwite Makala mbele ya watu? Ulimi ulikataa. Heshima si utumwa, wanasema, lakini ile yangu ilinifunga kama mbuzi. Nikaendelea kumwita kama nyumbani, maana naye alikuwa wa pili kwao: Papa Kambale. Hema alinivuta kando siku moja.

"Sufuria, unaita jina ya nyumba."

"Ni muko yangu. Nifanye nini?"

"Mais chef alikataza."

"Chef hakuoa kwao," nikamjibu, naye akacheka, yakaisha.

Wiki ile mvua ilikuwa imechukua magogo. Mkwe wangu alikuwa ameshavuka, yuko ng'ambo anavuta kamba ya mizigo. Hema alikuwa upande wetu, ameshika kamba ya maisha. Kamba mwenyewe, mkubwa wetu, alikuwa katikati ya maji, yanamfika kifuani. Nikaona kamba ya mizigo imenasa kwenye jiwe. Mkwe akizidi kuvuta, itakatika na mzigo utamwangukia mzee Kamba majini. Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"Papa Kambale, achilia!"

Mto ulimeza neno la kwanza. Likabaki "Kambale, achilia," na Kambale aliyekuwa karibu nami akatii. Nilimwona Hema akifungua mikono. Aliifungua bila kusita, kwa sababu alikuwa ananiamini.

Mzee Kamba alichukuliwa na maji mpaka kwenye mawe ya pili. Tulimtoa akiwa hai, goti limepasuka. Tulimbeba siku mbili kwa machela ya mianzi, na katika siku hizo mbili hakuna aliyemwita mwenzake kwa jina lolote.

Tulipofika bureau, conservateur aliuliza nani aliachilia kamba.

"Ni mimi, chef," Hema akasema. "Niliitwa."

Conservateur akanigeukia. "Ulimuita huyu?"

Nikasema, "Hapana, chef. Si yeye nilimuita."

Lilikuwa neno la kweli, na ndilo uongo mkubwa niliowahi kusema. Sikueleza nilimwita nani, wala kwa jina gani. Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile wangu ulikuwa mgumu kama jiwe. Hema alinitazama, akangoja. Nikatazama sakafu. Akafukuzwa kazi jioni hiyo, akaondoka kwa pikipiki na mfuko mmoja.

Mzee Kamba hakupanda tena. Mimi nikapewa kamba yake, cheo chake na jina lake. Lakini kila walipoita "Kamba!" nilichelewa kuitika. Nilihudumu chini ya ma-conservateur wanne. Mmoja mkali wa ripoti, mmoja mpenda ndege, wengine nimewasahau sura. Nilivusha watu wengi na sikupoteza hata mmoja. Wakwe wangu, wote waliokuja, niliwaita Makala, Sukari, Mafuta. Walinuna, wakavuka salama.

Sasa nimestaafu, naishi Butembo kwa binti yangu Masika. Asubuhi ukungu ukishuka mjini na pikipiki zikaanza kunguruma, nikiwa bado nimefumba macho, nasikia Butahu. Vidole vya miguu vinatafuta jiwe chini ya blanketi. Nakwenda hivyo mpaka kwenye kivuko, na hapo kila mara naamka.

Hema, ambaye hata mjini humu jina hilo limemganda, anauza mabache, haya maturubai ya kufunika mizigo. Nilijua tangu nilipohamia. Mwaka mzima nilizunguka barabara nyingine ili nisipite mbele ya duka lake. Mwezi uliopita paa la baraza letu lilianza kuvuja, Masika akaniambia, "Papa, uende kwa Papa Hema, yeye iko na bache ya muzuri." Nikavaa koti. Nikashika barabara ile niliyokuwa nikiikwepa.

Dukani binti mmoja akaniuliza aseme nani amefika.

"Kambale."

Kutoka ndani, nyuma ya marundo, ikaja sauti: "Kambale gani?"

Nikasema, "Sufuria."

Akatoka, kichwa cheupe, mikono ile ile mipana. Sikungoja kiti.

"Nilikuita jina ya nyumba," nikasema. "Kosa ilikuwa ya kwangu. Pale bureau nilijua, nikanyamaza. Nilikula kazi yako na ya mzee. Unisamehe."

"Najua," akasema. "Si nilikuwa pale?"

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nangoja wewe."

Nililia mbele ya wateja, mzee mzima. Yeye hakunikumbatia wala hakunikemea. Akachukua bobini ya kamba, akanipa ncha moja. "Shika. Tupime ya bache yako." Akarudi nyuma akiilegeza, mpaka ukutani kule mwisho wa duka. Nikashika kwa mikono miwili, nikaikaza. Alipima, akakata, akafunga fundo lake. Mimi bado nilikuwa nimeshika.

Akanitazama, akacheka kidogo.

"Sufuria," akaita, taratibu, jina kamili. "Achilia."

Nikaachilia.