Sauti ya Chiriku

Msichana huyu mtaani walimwita Chiriku, na wala hawakumsingizia. Tangu amalize shule, kazi yake ilikuwa kukaa kiti cha mbele cha gari la matangazo la mjomba wake, kipaza sauti mkononi, akinadi magodoro, dawa za kunguni, mechi na misiba. Wasiomjua sura walimjua sauti.

Lakini magodoro hayakumtuliza moyo. Kilichomuuma ni ufukara wa akina mama wa gengeni, mama yake akiwamo, wanaotozwa ushuru kila asubuhi kisha wanafukuzwa kama kuku walioingia kwenye mtama. Akajiunga na vijana wa upinzani.

"Mwanangu, serikali ina mkono mrefu," mama akamwonya.

"Mrefu hivyo, mbona kwetu haufiki na maji?"

Manispaa ilipotangaza kuvunja vibanda, Chiriku akajirekodi kwenye simu. "Watu si taka, hawafagiliwi! Kesho asiondoke mtu!" Jina hakutaja, akajiona mjanja. Jioni ujumbe ulikuwa kwenye kila simu. Kiherehere hicho jamani! Mtu anayekula kwa sauti yake, sauti hiyohiyo ataificha wapi?

Asubuhi akaja mteja, shati limenyooka, mpole kupita kiasi. Alitaka tangazo la usafi wa soko. Akaketi nyuma, na walipofika gengeni akamwambia mjomba aliyekuwa akiendesha, "Simama hapa, mzee." Akamkabidhi Chiriku karatasi.

Iliandikwa: Watu si taka, hawafagiliwi.

"Soma, binti. Usiwashe spika bado. Nataka nikusikie mimi tu."

Mjomba akakohoa, akamfinya goti. Chiriku akasoma kwa kisauti chembamba cha puani.

"Mafua?" Mteja akacheka kidogo. "Na jana ulikuwa mzima! Pole. Pumzika, mimi sina haraka."

Angeweza kuendelea na mafua yake hadi jioni, akarudi nyumbani salama. Lakini nje tingatinga lilikuwa limeshaanza kunguruma, na akina mama, waliokaa tangu alfajiri wakimngoja huyo aliyewaambia wasiondoke, walianza kufungasha. Mama yake alikuwa anakunja turubai. Chiriku aliona aibu, aibu iliyozidi woga.

Akawasha spika.

"Watu si taka!" Sauti yake yenyewe, nzima, ikajaa genge lote. "Hawafagiliwi! Kaeni, mama zangu!"

Wakageuka. Mmoja akapiga kigelegele, wengine wakaketi palepale juu ya mizigo yao. Mama yake peke yake ndiye hakuketi. Aliachia turubai, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Ahsante," mteja akasema nyuma, bila hasira yoyote. "Ndiyo yenyewe. Mzee, wewe shuka."

"Huyu ni mpwa wangu," mjomba akasema, mikono ingali kwenye usukani.

"Najua. Nimekwambia shuka."

Mama alikuwa anakuja mbio, kiatu kimoja kimemvuka, akiita jina halisi la bintiye, lile ambalo mteja alikuwa bado hajalijua.