Dhahabu Alipewa Rukia

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa brashi wala rangi. Mkuu wa Karakana, mzee wa Kiirani aliyekuwa na chumba cha kazi nyuma ya duka la fremu mjini Fairfax, Marekani, alinipa jiwe laini la akiki na karatasi moja, akaniambia niisugue mpaka iteleze kama kioo. Nilisugua mpaka jioni. Nilikuwa nimetoka Tanga kumfuata mume wangu, dereva wa ubalozini, tukakaa Lanham. Tangu usichanani nilichora piko na kutarizi kofia, nikidhani mkono wangu umekwisha kufundwa.

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Kazi yetu ilikuwa kurasa za nakshi kwa mtindo wa Kiajemi: kurasa za mwanzo za misahafu, hati za ndoa, mashairi ya kutundika ukutani. Ninyi vijana mnaopamba kwa kompyuta huenda hamjui karatasi ilivyotayarishwa. Tuliipaka wanga uliopikwa, kisha ute wa yai uliotiwa shabu, tukaiacha ikomae kwa miezi, ndipo tukaisugua kwa akiki. Bila hivyo rangi huzama na dhahabu haikai. Kisha ndipo huja tadhhibu, yaani kazi ya dhahabu: unga wake husagwa pamoja na gundi, ukatiwa kwa brashi ya manyoya ya paka, majani na maua yakazunguka shamsa, lile duara mfano wa jua katikati ya ukurasa.

Meza ya dhahabu niliiomba mara nyingi. Mkuu, aliyeniita Mama Zuhura, alinijibu nisubiri. Akaja Rukia, msichana wa Mombasa aliyekuwa akisoma chuo kikuu cha jirani, na kabla baridi haijaisha alikuwa ameketi kwenye meza ile. Kila asubuhi nilimwona akifungua kichupa cha dhahabu, na chai yangu ikakosa ladha. Alikuwa na adabu, hakosi kuniamkia shikamoo. Hilo lilinichoma zaidi.

Kisha Bi Salma, jirani yetu wa zamani aliyehamia Germantown, akanieleza juu ya msahafu ulioandikwa kwa mkono na marehemu baba yake. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimeliwa na unyevu. Nilimleta karakana mimi mwenyewe, nikijua kazi hii ni yangu. Mkuu akaamua kila mmoja wetu, mimi na Rukia, achore jaribio, mteja achague bila kuambiwa majina.

Bi Salma hakusita. Aliweka kidole juu ya jaribio la Rukia.

"Hii. Ile nyingine nzuri, lakini imejibana."

Nilirudi Lanham nikitazama nje ya dirisha la basi njia nzima. Mume wangu aliniuliza kulikoni, nikamwambia nimechoka.

Kesho yake Mkuu aliniagiza nimtayarishie Rukia karatasi. Kabatini nilikuwa na chache zilizokomaa kuliko zote, nilizojiwekea kwa ajili ya siku yangu. Nilizitoa hizo. Wala haukuwa wema. Nilitaka dhahabu yake ikae juu ya kitu asichoweza kukifanya.

Rukia alipitisha vidole juu ya karatasi, akaweka brashi chini.

"Anti, nimemwomba Mkuu anifundishe karatasi, amekataa. Aniambia hiyo ni kazi ya Mama Zuhura." Akaigeuza karatasi kwenye mwanga. "Nakusikia ukisugua huko nyuma, nakuonea wivu."

Nilimwambia afute jasho la mikono kabla hajaigusa tena.

Mkuu alipofunga karakana nilihamia maktaba moja mjini, chini ya Msimamizi wa Hifadhi, nikitengeneza vitabu vikuukuu mpaka nikastaafu. Rukia amepata jina. Huniletea kadi za maonyesho yake, nami huenda, nikasimama mbele ya dhahabu ile, moyo ukanibana vilevile. Nilidhani uzee ungeuondoa wivu huu. Haukuuondoa.

Bi Salma akiwa na shughuli huufungua msahafu mbele ya wageni. Wote huisifia dhahabu. Mimi hungoja waende kula, kisha nikapitisha kidole pembeni mwa ukurasa, pale ambapo hapana dhahabu hata chembe. Bado unateleza.